Gari la chini na matuta: kwa nini tumbo hukwanguliwa hata ukienda polepole

«Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Goba, Dar es Salaam. Mwaka jana niliagiza Toyota 86 ya mwaka 2013 kutoka Japani, na lilipofika niligundua kwamba mwenye nalo wa awali alikuwa amelishusha kwa kubadilisha springi. Linapendeza na linashika barabara vizuri sana, lakini kutoka nyumbani hadi barabara kubwa kuna matuta mengi, na karibu kila tuta linakwangua tumbo la gari hata nikienda mwendo wa kobe. Rafiki mmoja ananiambia nipite kwa kasi ili gari liruke, mwingine anasema nipite kimshazari, na fundi wa mtaani anataka kuniwekea spesa za mpira kwenye springi. Juzi nikiwa na mke wangu na watoto wawili nilisikia mlio wa chuma chini, na sasa plastiki iliyo chini ya injini inaning'inia. Nimfuate nani? Au nikubali kwamba gari hili si la barabara zetu, niliuze?»

Ndugu yangu, kabla ya kufikiria kuliuza, ondoa kwanza dhana kwamba hujui kuendesha. Marafiki zako wote wawili wanakushauri juu ya namna ya kushika usukani na kukanyaga mafuta, ilhali sehemu kubwa ya tatizo lako ni hesabu ya sentimita chache ambayo dereva, awe hodari namna gani, hawezi kuibadilisha akiwa kwenye kiti. Nafasi iliyo chini ya gari ikishakuwa ndogo kuliko kile kinachopita chini yake, gari litagusa hata likisukumwa kwa mikono. Kwa hiyo tuanze na hesabu, kisha turudi kwa washauri wako mmoja baada ya mwingine.

Toyota 86 lilitoka kiwandani likiwa na nafasi ya milimita 130 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa, na umbali wa milimita 2,570 kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Springi za kushushia gari kwa kawaida hupunguza kati ya milimita 20 na 40 katika nafasi hiyo. Sheria ya Japani inaruhusu gari la abiria kubakiwa na milimita 90, hivyo gari lako lingeweza kupita ukaguzi wa huko likiwa na milimita 100 pasipo mtu kushtuka, kwa sababu kule matuta ni nadra na lami imenyooka. Sasa ongeza mke, watoto wawili na mzigo ulio nyuma: springi zinabonyea tena, na nyuma ndiko kunakoshuka zaidi. Sishangai kwamba mlio wa chuma uliusikia siku ile mlipokuwa wanne.

Kuhusu tuta lenyewe, karibu kila anayeniuliza hunitajia kimo chake, na hakuna anayenitajia urefu wake, yaani umbali kutoka mahali tairi linapoanza kupanda hadi mahali linapomaliza kushuka. Urefu huo ndio unaoamua mambo. Tuta la mviringo ambalo nchi nyingi zimelichukua kuwa kigezo lilibuniwa katika maabara ya utafiti wa barabara nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hujulikana kwa jina la mtafiti wake, Watts. Lina kimo cha milimita 100 na urefu wa mita 3.7. Gari lenye umbali wa ekseli kama wa lako likiwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yote manne yanakuwa juu ya mgongo wake, na kinachojitokeza kuelekea tumboni ni milimita 48 tu. Hata gari lililoshushwa hupita hapo bila kuguswa, ilimradi mwendo uwe wa taratibu.

Chukua sasa tuta la mtaani la zege au lami ambalo lina kimo kilekile cha milimita 100, lakini urefu wake ni mita 1. Magurudumu ya mbele yanapanda, yanashuka upande wa pili na kukanyaga barabara, na ya nyuma bado hayajafika. Kwa muda huo gari zima limesimama chini, na milimita zote 100 za tuta ziko tumboni. Gari la kiwandani lingebakiwa na milimita 30 za usalama, lakini lako halibakiwi na kitu. Ndiyo sababu unaweza kupita salama kwenye tuta kubwa la barabara kuu linaloonekana kutisha, kisha ukakwanguliwa na kituta chembamba cha uchochoroni ambacho bajaji zinakipita bila hata kupunguza mwendo.

Liko jambo jingine ambalo michoro ya wahandisi haionyeshi. Tuta la lami likitumika kwa miaka kadhaa, magurudumu ya malori na daladala hulikandamiza pale yanapopita, na sehemu ya katikati ya njia hubaki juu kama ilivyojengwa. Ukipita kwa kufuata alama za matairi ya wengine, magurudumu yako yanapita bondeni na tumbo lako linapita juu ya kilima. Tena maji ya mvua hutuama mbele ya tuta na kuchimba shimo, kwa hiyo gurudumu hudondoka kwanza ndipo lipande, na tuta la milimita 100 linageuka kuwa la milimita 130 au 140. Pale ambapo njia ina upana wa kutosha na hakuna chombo kinachokuja, sogea pembeni kidogo ili gurudumu la upande mmoja likanyage ile sehemu ya katikati iliyobaki juu. Kwa tuta lililochakaa, hatua hiyo ndogo huokoa tumbo kuliko ushauri wote uliopewa.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, pima. Egesha gari mahali pa sakafu tambarare, familia ikiwa ndani kama siku ya safari, kisha lala chini na futi ya fundi utafute sehemu iliyo chini kuliko zote kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Paka chokaa ya maji au chaki nene kwenye sehemu zote zinazoshuka: ukingo wa bampa, nati na vibao vya chini ya injini, bomba la moshi na mshono wa chini ya mlango. Nenda upite tuta moja tu unalolijua kuwa baya, rudi, uchungulie tena kwa tochi. Pale chokaa ilipofutika ndipo panapogusa. Wengi huapa kwamba ni bampa la mbele, kumbe bampa halijaguswa na ni kiungo cha bomba la moshi kilichong'arishwa na lami. Ukishajua mahali, pima na tuta lenyewe: ubao ulionyooka juu ya kilele, futi chini ya ubao, na hatua za miguu kwa urefu wake.

Sasa tumsikilize rafiki wa kwanza, yule wa kupita kwa kasi. Ushauri wake una chembe ya ukweli kwa gari la juu lenye springi laini na matairi manene, ambalo magurudumu yake hupanda na kushuka huku bodi ikibaki imetulia. Gari lako lina springi ngumu zenye safari fupi, yaani nafasi ndogo ya kupanda na kushuka, na zikishushwa safari hiyo inafupika zaidi. Ukipita kwa kilomita 20 kwa saa kwenye tuta la mita 1, tangu magurudumu ya mbele yanaposhuka hadi ya nyuma yanapofika ni takriban robo ya sekunde na ushei. Huo ndio muda ambao pua ya gari la aina hii, baada ya kurushwa juu, huuhitaji ili irudi na kubonyea hadi chini. Kwa maneno mengine, gari linakuwa chini kuliko kawaida wakati uleule ambao tuta liko tumboni. Ukiongeza kasi zaidi ya hapo unaweza kweli kuliepusha tumbo na tuta, ila kipigo chote kinahamia kwenye tairi, rimu na shokapu. Tairi la 215/45R17, ambalo magari mengi ya 86 huvaa, lina ukuta wa pembeni wa milimita 97 tu, na rimu haina mahali pengine pa kukimbilia. Achilia mbali kwamba tuta limewekwa hapo kwa sababu kuna watoto wanaovuka kwenda shule. Mshauri huyu usimfuate.

Rafiki wa pili ana haki nusu. Kupita kimshazari kunasaidia pua. Gurudumu moja la mbele hutangulia kupanda na kuinua kona ya bampa kabla kona hiyo haijafika kwenye mwinuko, na mwinuko wenyewe unakuwa wa pole kwa sababu unaukata kwa upande. Kwa vivuko vya watembea kwa miguu vilivyoinuliwa, vile vyenye uso bapa na michoro ya pundamilia, na kwa mlango wa maegesho ulio na ngazi ya zege, fanya hivyo bila kusita. Tumbo, hata hivyo, halipati nafuu hiyo. Kwa vipimo vya gari lako, ukiingia kwa pembe ya nyuzi 30, kati ya gurudumu la mbele linalochelewa kushuka na gurudumu la nyuma linalotangulia kupanda bado kuna karibu mita 1.5, na tuta la mita 1 linaenea lote humo. Magurudumu manne yako chini, tuta liko tumboni, umerudi palepale. Ili pembe isaidie tumbo ingebidi iwe kali kiasi cha kulilaza gari barabarani, na katika njia ya Goba maana yake ni kuikabidhi pua kwa bodaboda inayotoka mbele na mlango kwa ile inayokupita kutoka nyuma. Nimeona wenye magari ya chini wakishikilia mshazari kana kwamba ni dawa ya kila tuta. Ni dawa ya pua peke yake.

Fundi wa spesa ninamwelewa, kwa sababu anataka kukusaidia kwa bei nafuu, lakini hapa nitakuwa mkali. Mpira unaopachikwa kati ya pete za springi hauiongezei springi uwezo wowote: unazifunga pete mbili zisifanye kazi, na kuzibebesha pete zilizobaki mzigo wote. Springi inakuwa ngumu zaidi, inachoka upesi na inaweza kukatika, na mpira wa upande mmoja ukidondoka ukiwa kwenye kona, gari linakuwa na miguu miwili isiyolingana. Spesa ya chuma au plastiki ngumu inayokaa juu ya shokapu ni afadhali, na kwa gari lililo katika kimo chake cha kiwandani inaweza kukubalika ikiwa nyongeza ni ndogo, milimita 15 au 20 hivi, na alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, ikapimwa upya baadaye. Ila kuweka spesa juu ya springi zilizoshushwa ni kulipia kosa la mwenye gari wa kwanza halafu kulipia tena kulificha.

Suluhisho ninalolipendekeza ni la kawaida sana, na huenda litakukatisha tamaa kidogo: rudisha springi za kiwandani. Springi kamili zilizotumika za modeli hii hupatikana, kwa sababu kuna wengi wanaozivua ili kushusha magari yao, na kazi yenyewe fundi mzoefu wa shokapu anaimaliza ndani ya siku moja. Utapata zile milimita 20 hadi 40 zako, na utarudisha safari ya shokapu ambayo kukosekana kwake ndiko kunakoligonga gari kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) na mashimo. Kabla ya hapo mwombe fundi aangalie jambo moja kwa makini: kama gari lilishushwa kwa springi za kununuliwa au kwa springi za kiwandani zilizokatwa kwa msumeno. Springi iliyokatwa huwa fupi kiasi kwamba gurudumu linaponing'inia baada ya tuta inalegea na kuhama kwenye kikalio chake. Ukikuta imekatwa, usiendelee kulitumia gari hilo likiwa na watoto ndani.

Matairi yatasaidia, ingawa si kwa namna ambayo wauza matairi husema. Ukihama kutoka 215/45R17 kwenda 205/55R16, ambacho ni kipimo ambacho baadhi ya matoleo ya 86 yalitoka nacho kiwandani, gari linainuka kwa milimita 3 peke yake. Faida yake ni ukuta wa tairi, unaopanda kutoka milimita 97 hadi karibu 113, hivyo rimu hupata mto wa kuegemea. Usikubali kuuziwa tairi kubwa zaidi kwa ahadi ya kuinua gari. Litaanza kusugua tao la bodi unapokata kona, na kipima mwendo nacho kitakudanganya.

Utasikia pia habari za kifaa cha kuinua pua kwa kitufe. Porsche 911 linaweza kuagizwa likiwa na mfumo wa namna hiyo, na huinua mbele kwa takriban milimita 40. Kwa magari ya tabaka letu kuna vya kufungwa baadaye, vyenye pampu ya upepo, mipira na nyaya zake. Kumbuka tu hesabu: kuinua pua kwa milimita 40 kunainua katikati ya gari kwa milimita 20, kwa sababu nyuma haijasogea. Ni kifaa cha kuokoa bampa la bei kubwa, nawe ugonjwa wako uko tumboni. Fedha hiyo iweke kwenye springi na shokapu.

Kwenye uendeshaji, baada ya hayo yote, kinachobaki ni kidogo lakini kina uzito. Kosa ninaloliona zaidi ni dereva kufika kwenye tuta akiwa bado amekanyaga breki. Breki huinamisha pua, na kwa kuinama huko unapoteza nafasi ya chini pale unapoihitaji kuliko wakati wowote. Punguza mwendo mapema, ufike ukiwa kwenye gia ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, uiachie breki kabisa kabla gurudumu la mbele halijagusa mwinuko, gari liinue pua lenyewe, kisha uliache lijivute kwa injini bila kuongeza mafuta. Ukikanyaga mafuta ukiwa juu, nyuma inakaa chini, na sailensa ndiyo inayolipa. Magurudumu ya mbele yakishashuka, usiharakishe. Ngoja ya nyuma nayo yashuke. Klachi usiishikilie nusunusu kwa muda mrefu kwenye kila tuta, la sivyo utaokoa bomba la moshi ukaue klachi. Watakaokupigia honi nyuma watapiga, na watanyamaza. Siku za kubeba familia nzima, mzigo mzito uache nyumbani, au mzunguke kwa njia yenye matuta mapana hata kama ni ndefu.

Kuhusu mlio wa juzi, sitakufanyia uchunguzi kwa maandishi. Plastiki haitoi mlio wa chuma, kwa hiyo kuna kitu kingine kilichoguswa. Injini ya 86 ni ya boxa, yenye silinda zilizolala, na mabomba yake ya moshi hupita chini ya injini, jirani na sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Hilo linahitaji jicho la fundi aliye chini ya gari, kwenye shimo la gereji au kwenye lifti, wiki hii hii. Mwambie akague sampu na boliti yake ya kumwagia oili, viungo vya bomba la moshi, kinga za joto, mpira wa kuzuia ulio ndani ya shokapu, na rimu kwa upande wa ndani, mahali ambapo mkunjo hauonekani ukiwa umesimama nje. Ile plastiki ifungwe kwa klipu zake, usiivue ukaitupa, kwani ndiyo inayozuia mchanga na maji yasiirukie injini kutoka chini. Ikiwa gereji ina mlango wenye mwinuko mkali, beba mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu ya mbele.

Kuna dalili ambazo hazisubiri wiki. Taa nyekundu ya oili ikiwaka baada ya tuta, au ukiona mchirizi mweusi unaokufuata, zima injini hapohapo, usijaribu kulifikisha nyumbani, na ita gari la kubebea. Uvimbe kwenye ukuta wa tairi, usukani unaotetemeka au kuvuta upande mmoja, na mgongano mzito unaosikika hata kwenye tuta dogo ukiwa mwendo wa mguu, vyote vinakutaka uache kuendesha mpaka gari likaguliwe.

Kama ukishapima utakuta tuta jembamba la mtaani kwenu lina kimo kinachozidi milimita 130, basi hata gari la kiwandani litaguswa, na majirani wenye magari madogo ya kawaida yakiwa yamejaza abiria nao wanaguswa. Hilo ni la kupeleka serikali ya mtaa ukiwa na picha na vipimo vyako, na kupitia kwao TARURA, ambao ndio wenye barabara za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Msilibomoe wenyewe usiku. Wakilirefusha bila kulipunguza kimo sana, madereva wataendelea kupunguza mwendo na tumbo la gari lako litapita. Likishindikana hilo, na njia ya kwenda kwenu ikawa ni hiyo moja tu, hapo ndipo nitakuunga mkono uliuze, lakini liuze likiwa na springi zake za kiwandani, kwa sababu atakayelinunua huenda anaishi mtaa wa pili.